Medali za babu aliyepigana Burma: zisomeni kwanza, jiwe lichongwe baadaye

Swali: Shikamoo Mwalimu. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, K.A.R., jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alipigana Burma, ambayo leo ni Myanmar. Alifariki 1987. Ametuachia kopo la biskuti lenye medali tano: nyota mbili za rangi ya shaba na tatu za duara, rangi ya fedha. Moja ya hizo za duara ina herufi ndogo ukingoni ambazo hatujaweza kuzisoma. Mwenyewe hakupenda kusimulia. Ukoo unasema alikuwa kapteni, na kwamba alipewa medali ya Mfalme kwa kuwaokoa wenzake mtoni. Mwaka huu tunalijengea kaburi lake, tunataka kusoma hitima, kuchonga jiwe na kuwaandikia wajukuu kijitabu. Tuandike nini ambacho ni kweli? Halafu binamu yetu amepata mtu wa kuzinunua hizo medali. Tufanyeje? Mjukuu, Ngamiani, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile medali yenye herufi ukingoni, kwa sababu nusu ya majibu yako imo humo.

Waingereza walipogawa medali za vita ya 1939 hadi 1945, zile za kushiriki vita walizitoa bila jina. Askari wa London na askari wa Muheza walipokea kitu kilekile, kitupu ukingoni. Kwa hiyo medali nne kati ya tano mlizonazo haziwezi kusema zilikuwa za nani. Zinasema tu mwenyewe alikuwa wapi. Ile ya tano ilichongwa kwa ajili ya mtu mmoja. Medali za ushujaa na za utumishi mrefu ndizo zilizoandikwa namba na jina la mwenyewe. Ukiniambia moja ina herufi, basi mna kitu cha maana sana mkononi, na nawasihi msikiguse kwa limau, majivu wala dawa ya kung'arishia shaba. Kila inaposuguliwa herufi zinalika, na huenda hizo ndizo maandishi pekee yaliyobaki yanayomtaja babu yenu kama askari.

Fanyeni hivi. Itandikieni kitambaa cheupe mezani, chumba kiwe na giza kidogo. Washeni tochi ya simu na kuiweka ubavuni, karibu usawa wa meza, mwanga upite juu ya ukingo badala ya kuupiga kutoka juu. Herufi zilizolika zitatoa vivuli. Mwingine apige picha kwa simu ya pili, kipande kwa kipande, mkiizungusha medali polepole mpaka mmalize duara, kisha mzikuze picha. Mtakachotafuta kwanza ni namba. Baada ya namba huja cheo kwa kifupi, kisha jina, kisha herufi K.A.R. Namba inakiliwe kama ilivyo hata kama ina herufi mbele yake, kwa kuwa ndiyo itakayowafikisha kwenye makaratasi. Jina lisiwashtue. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia: Athumani akawa Asmani, Mwinyihamisi akagawanywa vipande viwili, na badala ya “bin” wakaweka s/o. Wajukuu wengi wamekata tamaa kwa kutafuta jina la babu kama linavyoandikwa kwenye msikiti wao, ilhali karani alilitia herufi nyingine kabisa.

Kisha igeuzeni. Upande mmoja ni kichwa cha Mfalme George wa Sita, na hicho hakitoshi kuwaambia kitu, kwa sababu kimo kwenye medali nyingi za wakati ule. Tazameni nyuma. Ikiwa pana maneno FOR BRAVERY IN THE FIELD, hiyo ni Military Medal, medali ya ushujaa vitani, na hapo simulizi ya mtoni inapata pa kusimama. Ikiwa ni FOR DISTINGUISHED CONDUCT IN THE FIELD, hiyo ni kubwa zaidi, na waliopewa ni wachache. Lakini ikiwa yametajwa maneno LONG SERVICE AND GOOD CONDUCT, basi ni ya utumishi mrefu na tabia njema. Nayo ni heshima kamili, ila haihusiani na kuokoa mtu. Msilazimishe iwe nyingine.

Zile nne zilizobaki ni rahisi. Nyota zimeandikwa jina lake katikati, kuzunguka taji na herufi za mfalme, kwa hiyo someni tu. Karibu bila shaka moja ni ya 1939–1945. Nyingine, kwa mnavyosema, itakuwa ya Burma. Utepe wake, kama umebaki, una nyekundu pana katikati na buluu iliyoiva pande mbili, yenye mstari wa rangi ya chungwa ndani yake. Mkikuta imeandikwa Africa Star badala ya Burma Star, basi historia inabadilika: kwa askari wa Keya hiyo huwa ni ya vita ya Uhabeshi na Somalia, kati ya Juni 1940 na Novemba 1941. Za duara mbili zisizo na herufi zitakuwa ile yenye simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, ambayo alipewa kila aliyetumikia walau siku 28, na ile ya ulinzi, yenye mti mchanga wa mwaloni na simba wawili. Angalieni pia kama kwenye utepe wa ile ya simba na joka kumebanwa kipande kidogo cha shaba chenye umbo la jani. Ni jani la mwaloni. Maana yake ametajwa kwa jina katika taarifa ya kamanda kwa kazi nzuri vitani. Jani hilo ni dogo kuliko ukucha na limepotea kwenye makopo mengi, kwa hiyo pekueni vizuri sakafu ya kopo kabla hamjalisafisha.

Sasa kuhusu ukapteni. Hapa nitakuwa wazi, kwa sababu jiwe la kaburi halifutwi.

Babu yenu hakuwa kapteni mwaka 1944. Hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyepewa kamisheni ya Mfalme katika Keya wakati wa vita ile. Maafisa walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda kutoka koplo hadi sajini, hadi sajini meja, na katikati ya vita jeshi likaongeza cheo cha afisa mteule anayeongoza platuni. Kwenye karatasi mtakiona kimeandikwa WOPC. Mwenye cheo hicho aliongoza platuni nzima, kazi ambayo katika jeshi la Uingereza hufanywa na luteni: aliwapanga watu wake, aliwatangulia doria, na wakifa aliwazika. Mshahara na heshima ya mezani vilibaki vya Mwafrika. Efendi, cheo cha maafisa Waafrika kwa ruhusa ya gavana, kilikuja 1956. Mrisho Sarakikya, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa majeshi wa JWTZ, alitoka chuo cha Sandhurst mwaka 1961, mwaka wa uhuru. Hata Jenerali David Musuguri, aliyeongoza vikosi vyetu mpaka Kampala 1979, aliingia Keya 1942, akaenda Madagascar, na akatoka kwenye vita ile akiwa askari wa vyeo vya chini. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

Hata medali yenyewe ni shahidi. Military Medal haikuwa ya maafisa. Wao walikuwa na msalaba wao, Military Cross. Ikiwa hiyo ndiyo iliyo koponi, basi inathibitisha kuwa alikuwa afisa mteule, sajini, koplo au askari wa kawaida. Wanaposema alikuwa afisa, naona kuna uwezekano mkubwa kwamba alikuwa mmoja wa hao walioongoza platuni, na watu wake walimwita afande kwa haki. Ukoo ukaongeza ukapteni baadaye kwa mapenzi, kwa kuwa kapteni ndicho cheo ambacho kila mtu mtaani anakijua. Mimi kwa upande wangu nasema anayeongoza watu thelathini msituni, akijua kwamba hata akishinda hatapandishwa zaidi ya pale, amefanya jambo zito kuliko kapteni ambaye njia yake iko wazi. Andikeni cheo chake halisi bila kuona haya.

Tukubaliane sasa kwamba nyota ni ya Burma. Alikuwa wapi huko? Vikosi vya Tanganyika vilivyofika Burma vinajulikana. Kikosi cha 26 cha Keya kilikuwa katika Brigedi ya 25, na cha 36 katika Brigedi ya 26, zote mbili ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa begani beji ya kichwa cha kifaru. Cha 46 kilikuwa katika Brigedi ya 28, iliyopigana peke yake. Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshini wakati wa vita ile, wengi wao katika kazi za barabara, mizigo, udereva na hospitali, kwa hiyo msidhani kila mwenye nyota ya Burma alishika bunduki. Lakini kama alipewa medali ya ushujaa, uwezekano wa vikosi hivi vitatu ni mkubwa.

Divisheni ya 11 ilifanya mazoezi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha katikati ya 1944 ikaingizwa Burma kuifukuza Divisheni ya 33 ya Wajapani kwenye bonde la Kabaw. Walikwenda wakati wa masika ya kule. Barabara ilikuwa tope lililozamisha magari, chakula kilidondoshwa kwa ndege, na malaria na homa ya utitiri wa msituni viliangusha watu wengi kuliko risasi. Makamanda wengi waliamini hakuna jeshi linaloweza kusonga mbele katika msimu ule. Askari wa Afrika Mashariki walisonga, kilima kwa kilima, kutoka Tamu kwenda Kalemyo, mpaka Kalewa ikaanguka tarehe 2 Desemba 1944. Hapo wakaukuta mto Chindwin. Ng'ambo ilishikwa kwa mashua usiku, na baada ya hapo wahandisi wakalaza daraja la vyuma linaloelea lenye urefu wa karibu mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Brigedi ya 28, yenye kikosi cha 46, ilikuwa kusini zaidi: Februari 1945 ilipigana Seikpyu, kwenye mto Irrawaddy, ili Wajapani wadhani jeshi kubwa litavukia hapo, wakati jeshi lenyewe lilikuwa linavuka kwingine.

Unaona basi kwamba simulizi ya mtoni haielei hewani. Akiwa wa 26 au 36, huenda mto ni Chindwin. Akiwa wa 46, huenda ni Irrawaddy. Na kama nyota itatokea kuwa ya Afrika, kikosi cha 6 cha Keya, cha Watanganyika, kilipigana Colito kule Uhabeshi Mei 1941, kisha mto Omo ukavukwa mwezi uliofuata. Sitaki mchague mto kwa kubahatisha. Nataka mjue kwamba swali hili lina jibu, na jibu liko kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe ni hii. Askari alipopendekezwa kupewa medali, kamanda wake alijaza fomu: kikosi, namba, cheo, jina, kisha maelezo ya alichofanya, wapi na lini, na chini yake saini za wakubwa wakipandishiana mpaka kwa jenerali. Fomu hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye mfululizo unaoitwa WO 373, na zinatafutwa kwa intaneti kwa jina au namba. Jina la aliyepewa lilitangazwa pia katika gazeti la serikali yao, London Gazette, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomwa bure mtandaoni. Mkishajua kikosi, kuna shajara za vita zilizoandikwa siku kwa siku. Za Burma ziko WO 172. Ndani yake mtakuta mvua, doria, majeruhi na saa ya kuvuka mto. Askari Waafrika hawatajwi sana kwa majina humo, jambo linaloniuma kila ninapozisoma, lakini kikosi kizima kinaonekana kinavyokwenda, na mkiwa na tarehe ya kwenye fomu ya medali mtaweza kumweka babu yenu mahali pake ndani ya siku ile.

Kwetu hapa, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inayo mafaili ya ofisi za mabwana shauri wa wakati wa mkoloni, na humo mtaona jinsi askari walivyoandikishwa na jinsi walivyopokelewa waliporudi. Nendeni na barua ya utambulisho, na mtaje wilaya na miaka ya 1940 hadi 1947 ili msaidiwe haraka. Lakini hata kabla ya hapo, tafuteni nyumbani. Askari aliyeachishwa alirudi na kitabu kidogo chenye namba, kikosi, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Vitabu hivyo huwa vimekunjwa ndani ya msahafu wa zamani, kwenye mto wa bibi, au kwenye bahasha moja na hati ya shamba.

Lakini kabla ya yote hayo, keshokutwa kama si kesho, nendeni kwa wazee waliobaki. Hukunitajia kama yuko ndugu yake babu, au mke, au jirani wa umri wa baba yako. Kew ipo na itaendelea kuwepo. Mzee wa miaka tisini hana ahadi hiyo. Msimuulize, “Babu alikuwa shujaa?” Atajibu ndiyo, na hapo mazungumzo yamekwisha. Muulizeni alirudi kwa njia gani, treni au meli, na nani alikwenda kumpokea. Alirudi na nini kwenye sanduku? Usiku alikuwa anaamka? Kuna chakula alichokataa kula maisha yake yote? Kuna mtu alikuwa anamtembelea kutoka mbali, wakakaa barazani peke yao? Huyo mgeni ndiye hasa wa kumtafuta, au watoto wake, kwa sababu aliyeokolewa mtoni, kama yupo, alikuwa na jina na kwao. Rekodini kwa simu, na mkiandika kijitabu semeni “hivi ndivyo alivyosimulia shangazi,” simulizi ibaki na mwenyewe. Zikikinzana mbili, ziwekeni zote mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho hukuniuliza ila najua kitazuka kwenye kikao cha ukoo, kwa kuwa huzuka kila mahali. Kijana mmoja atasema babu alimpigania mkoloni. Msimnyamazishe. Wapo waliokamatwa wakapelekwa jeshini kwa amri ya serikali, wapo waliofuata mshahara, na wapo walioogopa kweli kwamba Mjerumani atarudi, maana wazazi wao walimjua. Na baada ya vita walilipwa bahashishi kwa rangi: Mwafrika alipata kiasi kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Hayo yaandikwe kijitabuni pamoja na medali. Nyie wa Tanga mnaishi karibu na makaburi ya waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914, na mnajua ni majina ya nani yaliyochongwa na ya nani hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika Vita ya Kwanza hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wapagazi na askari wa Afrika Mashariki na Misri. Ndiyo maana naona kijitabu chenu si jambo dogo la familia. Kila babu anayepatikana kwa namba na kikosi ni mmoja aliyetolewa kwenye lile kundi lisilo na majina.

Jiwe liwe na maneno machache. Muulizeni kwanza sheikh wenu, kwa sababu wapo wasioridhia maandishi mengi kaburini, na msigombane kwa ajili ya hilo. Jina lake kamili kama alivyolitumia mwenyewe, si alivyoliandika karani, mwaka wa kuzaliwa, ikiwa mnao, na wa kufariki, cheo kilichothibitishwa, kikosi, Burma na mwaka. Medali itajwe ikiwa tu mmesoma maneno ya nyuma yake kwa macho yenu. Kuokoa watu mtoni kuingie kijitabuni, si kwenye jiwe, mpaka mtakapopata fomu. Na ikiwa fomu itachelewa, hitima isicheleweshwe, na jiwe linaweza kungoja mwaka mwingine. Kama mtaweza kusoma tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, itapendeza, lakini siku ya kufariki kwake ina haki zaidi.

Kuhusu mnunuzi wa binamu yako: msiuze. Sisemi hivyo kwa sababu ya thamani, ingawa medali ya ushujaa yenye jina hutafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya, na anayewafuata huku mitaani hatawapa hata robo. Nasema hivyo kwa sababu ikishatoka Tanga, mtu wa kwanza atakayesimulia habari za babu yenu atakuwa mgeni anayeinadi mnadani. Binamu naye asionewe. Huenda ana shida ya kweli, na hizo medali ni mali ya warithi wote, naye yumo. Kaeni kikao, watoto na wajukuu, wanaume kwa wanawake. Pigeni picha kila medali pande zote mbili na ukingo, kila nyumba ipate nakala. Chagueni mmoja wa kuzitunza, kila medali imefungwa kwenye kitambaa chake cha pamba, mbali na unyevu wa bahari na mbali na plastiki. Mkitaka watu wengine wazione, nendeni mkazungumze na wale wa makumbusho ya Urithi Tanga, kwenye Boma la Wajerumani, lakini kwa kuazimisha na kwa maandishi, si kukabidhi moja kwa moja. Na ndani ya kopo mweke daftari dogo: aliyezichukua, tarehe, sababu, aliyeshuhudia, na saini yake anapozirudisha.